Jinsi ya Kuandaa Drafti ya Ligi ya Fantasi Ambayo Soko Lake Halilali

Ligi ya drafti iliyoniuma kuliko zote nilizowahi kusimamia ni ile ambayo msimu mzima ulipita bila mchezaji hata mmoja kuhama kutoka kwa meneja mmoja kwenda kwa mwingine. Watu walichagua vikosi vyao Agosti kwa shangwe, na kufikia Novemba nusu yao hawakumbuki hata majina ya mabeki wao. Nilidhani tatizo ni uvivu wa watu. Baadaye nikaelewa kwamba tatizo lilikuwa langu: niliandaa ligi ambayo hakuna aliyemhitaji mwenzake.

Kwanza tuelewane maneno. Drafti ninayoizungumzia hapa si ule mchezo wa kete. Ni mfumo wa fantasi, yaani mchezo ambao kila mshiriki (meneja) huunda kikosi cha wanasoka halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, ambapo wachezaji huchaguliwa kwa zamu, na kila mchezaji ana mmiliki mmoja tu ndani ya ligi. Katika fantasi ya kawaida mnaweza nyote kumi kuwa na Erling Haaland. Katika drafti akishachukuliwa amechukuliwa, na ukimtaka itabidi uende kuzungumza na mwenye naye. Mazungumzo hayo ndiyo utamu wa mchezo wenyewe. Mfumo huu wa kuchagua kwa zamu asili yake ni Marekani, ambako kundi la mfanyabiashara Bill Winkenbach lilitunga sheria za ligi ya namna hii mwaka 1962 kwa ajili ya soka lao la Kimarekani. Ligi Kuu ya England nayo ina mchezo wake rasmi wa drafti tangu msimu wa 2017/18, na mifano yangu mingi nitaitoa huko.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: soko haliamki mpaka mmoja awe na ziada ya kile ambacho mwenzake amekosa. Basi kila uamuzi wako kama msimamizi, kuanzia idadi ya watu hadi siku ya mwisho ya kubadilishana, uupime kwa swali moja: je, unazalisha ziada na upungufu, au unawafanya wote wafanane?

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya watu kabla ya kuwaalika

Ligi Kuu ina timu 20, kila moja inaanza na wachezaji 11, kwa hiyo wiki yoyote wanaoanza ni 220. Ukiwa na mameneja wanne wenye vikosi vya watu 15, mtachukua wachezaji 60 tu. Wanaobaki bila mmiliki ni wazuri mno. Beki wako akiumia unamwokota mwingine wa kiwango kilekile bila kumpigia mtu simu. Soko limekufa kabla halijazaliwa.

Ukienda upande wa pili, mameneja 16 wanachukua wachezaji 240, idadi inayozidi wanaoanza wote. Hapo kila mtu anamkumbatia mchezaji yeyote anayepata dakika, kwa sababu akimtoa hana pa kupata mwingine. Uhaba ukizidi, watu wanaogopa.

Mimi napenda kumi. Vikosi vya 15 vinachukua wachezaji 150, kwa hiyo wanaobaki ni wale wa kubahatisha, lakini hakuna anayekufa njaa. Tena kuna siri katika namba hiyo: makipa namba moja ni 20, na mameneja kumi wakihitaji makipa wawili kila mmoja, wanatosha kamili bila hata mmoja kubaki. Kipa akiumia, au kocha akimweka benchi, kuna mtu lazima aanze kutafuta. Nane inafaa pia. Kumi na mbili inafaa kwa watu wanaofuatilia soka kila siku.

Hatua ya pili: vikosi visifanane umbo

Hapa ndipo wasimamizi wengi wanapojifunga mikono, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Kikosi cha mchezo rasmi ni makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Umbo hilo likiwa la lazima kwa kila mtu muda wote, maana yake huwezi kutoa kiungo ukapokea mshambuliaji, kwa sababu wewe utabaki na viungo wanne na mwenzako atakuwa na sita. Mnabaki kubadilishana kiungo kwa kiungo na beki kwa beki. Sasa niambie, nani atakupa kiungo mzuri apokee kiungo mbovu? Mabadilishano ya nafasi ileile yanamlazimisha mmoja aamini kwamba mwenzake amekosea. Hiyo ni kamari, na watu hawapendi kucheza kamari na rafiki anayejua zaidi yao.

Dawa ni kulegeza umbo. Weka kikosi cha watu 16, chenye angalau kipa mmoja, mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili. Nafasi tano zinazobaki kila meneja azijaze atakavyo. Anayeanza mechi aendelee kufuata utaratibu uliozoeleka: kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu, viungo wasiozidi watano, washambuliaji kati ya mmoja na watatu.

Tazama kinachotokea. Tuseme wewe una viungo sita wazuri. Wa sita anakupa wastani wa pointi 4.5 kwa raundi lakini amekaa benchi, kwa sababu hawaruhusiwi kuanza zaidi ya watano. Mshambuliaji wako wa mwisho anakupa pointi 2. Mwenzako ana washambuliaji wanne, wa nne anazalisha pointi 4 akiwa benchi, huku kiungo wake wa mwisho anampa 2. Mkibadilishana hao wawili wa benchi, wewe unapanda kwa pointi 2 kila raundi na yeye anapanda kwa 2.5. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Pointi hizo zilikuwepo, zilikuwa zimelala tu benchi.

Kama mmeamua kubaki kwenye mchezo rasmi na umbo lake, njia iliyopo ni mafungu: toa kiungo nyota pamoja na mshambuliaji dhaifu, upokee kiungo wa kawaida pamoja na mshambuliaji hodari. Idadi kwa kila nafasi inabaki sawa, lakini uzito umehama kutoka eneo moja kwenda jingine. Wafundishe wanaligi wako njia hii siku ya kwanza, kwa sababu wachache huifikiria wenyewe.

Ushauri wangu wa dhati ni kuendesha ligi kwa jedwali lenu la Excel au la mtandaoni. Pointi za kila mchezaji zinachapishwa hadharani baada ya kila raundi: bao la beki 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4, klinshiti (kutofungwa bao) 4 kwa kipa na beki lakini 1 tu kwa kiungo. Kazi yako ni kuziingiza. Inachukua muda, siwezi kukuficha, lakini inakupa uhuru wa kutunga sheria zinazofuata hapa chini.

Hatua ya tatu: panga kalenda inayowapa watu wa katikati matumaini

Kama bingwa anapatikana kwa jumla ya pointi za msimu, aliye nafasi ya saba mwezi Januari anajua safari yake imeisha. Hatauza, hatanunua, hatajibu ujumbe. Chezeni ana kwa ana: kila raundi meneja anapambana na mwenzake mmoja.

Hesabu ya watu kumi hapa inapendeza. Kila meneja ana wapinzani tisa, mkizunguka mara nne mnatumia raundi 36 kati ya 38. Raundi mbili zinazobaki ni za nusu fainali na fainali kwa wanne wa juu. Mtu wa sita mwezi Machi bado anaiona nafasi ya nne, na mtu anayeiona nafasi ya nne ndiye mnunuzi bora kuliko wote.

Kuna jambo la kuangalia: mechi za vikombe huahirisha mechi za ligi, hivyo zipo raundi ambazo timu kadhaa hazichezi na nyingine ambazo timu hucheza mara mbili. Nusu fainali yenu isiangukie kwenye raundi ambayo nusu ya kikosi cha mtu kimepumzika. Kila mara ratiba mpya ikitoka, iweke mbele ya wanaligi wote. Mwenye wachezaji watano wa timu isiyocheza ataanza kutafuta wateja usiku huohuo.

Hatua ya nne: siku ya drafti yenyewe

Piga kura ya kupanga zamu wiki moja kabla, si dakika tano kabla. Utaratibu uwe wa nyoka: anayechagua wa kwanza katika mzunguko wa kwanza anakuwa wa mwisho katika wa pili. Kwa watu kumi, wa kwanza anapata chaguo la 1, la 20 na la 21. Wa kumi anapata la 10 na la 11 mfululizo.

Wiki hiyo moja ina kazi maalumu: ruhusu watu kubadilishana zamu. Wa kwanza anaweza kutoa chaguo la 1 na la 40 kwa meneja wa sita, akapokea la 6 na la 15. Akikubaliwa, atakuwa na la 6, la 15, la 20 na la 21, yaani wachezaji wanne kati ya 21 wa mwanzo, naye mwenzake amepata nyota aliyemtaka. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ya moyo wa mwanadamu. Mchezaji ukishamchagua unampenda, na ukimpenda bei yake inapanda kichwani mwako peke yako. Namba ya zamu haipendwi na mtu. Ni rahisi kuibadilisha, na mtu aliyekwisha kubadilishana mara moja hasiti sana mara ya pili.

Siku ikifika, toa sekunde 90 kwa kila chaguo katika mizunguko mitano ya mwanzo na sekunde 60 baada ya hapo. Kwa vikosi vya watu 16, chaguo 160 zinaweza kuchukua zaidi ya saa tatu zikitumika zote, ingawa mwishoni watu huchagua haraka.

Kisha fanya kitu ambacho sijaona ligi ikikijutia: simamisha drafti mara mbili, baada ya mzunguko wa tano na wa kumi, dakika kumi na tano kila mara, na utangaze soko wazi. Weka vikosi vyote kwenye skrini moja. Watu wataona kwa macho yao kwamba fulani amebeba washambuliaji watatu wakubwa na hana beki, na fulani mwingine kinyume chake. Wako pamoja, damu imechemka, hakuna wa kusema atajibu kesho. Ligi yangu ya kwanza kufanya hivi ilipata mabadilishano manne kabla mpira wowote haujapigwa.

Wengine husubiri dirisha la usajili lifungwe, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, ndipo wafanye drafti ili kuepuka sintofahamu. Mimi napinga. Fanyeni kabla ya raundi ya kwanza. Winga anayevumishwa kuondoka ana thamani moja kwako na nyingine kabisa kwangu, na tofauti hiyo ya mawazo ni mbegu ya biashara.

Wapo pia wanaopenda mnada, kila meneja akipewa fedha za mchezo 200. Ni mzuri, na salio linaweza kuingia kwenye mabadilishano ya baadaye, lakini ni mrefu na unawachosha wageni. Uachieni msimu wa pili.

Hatua ya tano: bana wachezaji huru

Mshindani mkubwa wa soko lenu ni kapu la wachezaji wasio na mmiliki. Kuokota ni bure, hakuhitaji maneno, hakuna kukataliwa. Ukiruhusu kuokota bila kikomo, kila mtu ataokota.

Mpe kila meneja bajeti ya mchezo ya 100 kwa msimu wote. Anayemtaka mchezaji huru anatuma dau la siri kwako angalau saa 24 kabla ya raundi kuanza, dau kubwa linashinda na fedha inakatwa. Wakilingana, aliye chini kwenye msimamo anapata. Halafu, na hili ndilo la maana, ruhusu bajeti hiyo itumike katika mabadilishano. Ofa iliyokwama kwa tofauti ndogo inafunguka mara mtu anaposema, "Basi naongeza na 12."

Usiwabane hadi mwisho. Meneja aliyepata majeruhi watatu kwa wiki moja lazima awe na pa kukimbilia, la sivyo ataacha kucheza.

Hatua ya sita: sheria za kubadilishana

Ziandikwe, ziwe fupi, zisomwe kabla ya drafti. Zangu ni hizi:

- Ofa ijibiwe ndani ya saa 48, hata kama jibu ni "hapana". Ukimya huvunja moyo kuliko kukataliwa.
- Mabadilishano yasiyolingana idadi yanaruhusiwa. Atakayezidisha anaacha mchezaji, atakayepungukiwa anachukua mchezaji huru.
- Mchezaji aliyehama hawezi kurudi kwa mmiliki wake wa awali kabla ya raundi nne. Hii inazuia watu kuazimana.
- Soko linafungwa baada ya raundi ya 30. Baada ya hapo wapo wasio na cha kupoteza, na nyota wao hupewa marafiki.
- Kila dili linatangazwa kwa wote, pande zote mbili zikieleza kwa sentensi moja zimefuata nini.

Kuhusu kura ya turufu nina msimamo mkali: usiwape wanaligi haki ya kupiga kura kuzuia dili la wenzao. Nimejaribu, na matokeo yalikuwa kwamba kila dili lililomwimarisha kinara lilipigiwa kura ya kukataliwa, liwe la haki au lisiwe. Baada ya dili mbili kuvunjwa, hakuna aliyeleta la tatu. Msimamizi peke yake azuie, na azuie kwa sababu moja tu: ushahidi kwamba wawili wamekula njama. Dili baya si njama. Mtu ana haki ya kukosea kuhusu mchezaji. Dili zinazomhusu msimamizi mwenyewe ziamuliwe na wanaligi wawili walioteuliwa mapema.

Na tafadhali, kemea kejeli. Mtu akibadilishana leo, mchezaji aliyemtoa akafunga matatu Jumamosi, kikundi kizima kikamcheka kwa wiki nzima, umempoteza kama mfanyabiashara hadi Mei. Hofu ya aibu inaua soko kuliko sheria yoyote mbaya. Ndiyo maana ile sentensi ya kueleza sababu inasaidia: watu wanauhukumu uamuzi kwa kilichojulikana siku ulipofanyika.

Hatua ya saba: wafundishe kutoa ofa

Ofa nyingi hukataliwa kwa sababu mtoaji alitazama kikosi chake tu. Anza na kikosi cha mwenzako. Tafuta nafasi inayomvujisha pointi, kisha umwonyeshe unavyoweza kuiziba, ndipo utaje unachotaka. "Naona beki wako wa tatu hajacheza raundi tatu, mimi nina watano wanaoanza" ni mwanzo mzuri kuliko kutuma majina mawili yasiyo na maelezo.

Thamani ya mchezaji msiipime kwa pointi zake zote. Pimeni tofauti kati yake na yule atakayecheza badala yake. Kipa mwenye pointi 140 si mali kubwa ikiwa kipa wa benchi ana 125.

Nyakati nazo zina bei. Januari 2024 Mohamed Salah alikwenda AFCON nchini Ivory Coast, na Son Heung-min akaenda Kombe la Asia nchini Qatar, wote wakati mmoja. Mwenye nao aliyekuwa kileleni angeweza kuvumilia. Aliyekuwa wa tano, anayehitaji ushindi sasa hivi, alikuwa na sababu ya kuuza, na kinara alikuwa na sababu ya kununua kwa ajili ya Machi. Salah aliumia kwenye mechi dhidi ya Ghana tarehe 18 Januari, kwa hiyo mnunuzi naye alibeba hatari yake. Pande zote mbili zilikuwa na hoja za kweli. Mashindano kama hayo yakikaribia, wewe msimamizi yataje mapema, orodhesha wanaotarajiwa kuondoka na mmiliki wa kila mmoja.

Hatua ya nane: uunganishe msimu huu na ujao

Kama kundi lenu lina nia ya kukaa pamoja, ongeza sheria ya kubaki na wachezaji wawili msimu ujao. Kila anayebakizwa akugharimu chaguo la mzunguko mmoja juu ya ule uliomchukua: uliyemchagua mzunguko wa tisa, msimu ujao unamlipia chaguo lako la mzunguko wa nane. Waliochaguliwa mzunguko wa kwanza hawabakizwi.

Sheria hii inawaamsha hata waliokata tamaa. Wa tisa mwezi Februari ana mshambuliaji wa miaka 33 anayefunga kila wiki, ambaye hana faida naye tena. Kinara ana kinda wa miaka 19 aliyechaguliwa mzunguko wa kumi na mbili, ambaye hamsaidii kubeba ubingwa leo. Wawili hao hawahitaji msimamizi kuwakutanisha. Unaweza kuruhusu pia zamu za drafti ijayo ziuzwe, lakini weka mpaka: mtu asiuze zaidi ya mbili, na anayeuza athibitishe kwanza kwamba atarudi.

Ukaguzi wa raundi ya nane

Asubuhi baada ya drafti, kila meneja ataje wachezaji watatu anaokubali kusikiliza ofa zao na nafasi moja anayotaka kuiimarisha. Orodha hiyo ihuishwe kila Jumanne. Kisha raundi ya nane ikipita, hesabu mabadilishano. Kwa ligi ya watu kumi, sita au zaidi ni afya njema. Kama ni moja au hakuna, angalia kwanza bajeti za wachezaji huru: zikiwa zimetumika sana, watu wanaokota badala ya kuzungumza, basi pendekeza kikomo cha kuokota mchezaji mmoja kwa raundi. Zikiwa bado zimejaa na ofa nazo hazitumwi, itisha jioni moja ya soko wazi kama ile ya siku ya drafti, vikosi vyote kwenye skrini moja, na uwe wa kwanza kumweka mezani mchezaji wako mzuri.